Bei ya Mlango Mpya wa Banda la Gari

Fundi wa milango alifika Jumanne alasiri, theluji ikianza kuyeyuka, na kabla hajazima gari lake alishauona ule mlango. Nani asingeuona? Ulikuwa mlango mpana wa bati jeupe, wa banda la magari mawili, na sasa ulikuwa umetuna kuelekea nje kama tumbo la mtu aliyetoka karamuni. Chini ulikuwa umepasuka, na pale palipopasuka mtu alikuwa ameegemeza ubao ili paka wa jirani wasiingie.

Arlys Tesch alimpokea akiwa amejitumbukiza ndani ya koti la mumewe, mikono haionekani. Alikuwa bibi mfupi, mkavu, na uongo wake alikuwa ameshaufanyia mazoezi.

"Ni mimi," alisema hata salamu hazijaisha. "Nilisahau kuufungua nikapiga rivasi. Uzee huu, we acha tu."

"Si wewe wa kwanza, mama," alisema fundi, aliyejitambulisha kuwa anaitwa Curt. "Watu wakigonga ndipo mimi ninapopata kula."

Tusidanganyane hapa. Arlys hakugonga mlango wowote. Tangu ajue kuendesha gari hakuwahi kukwaruza hata kioo cha pembeni. Aliyegonga ni Delmar, mumewe, mtu ambaye maisha yake yote ya kazi aliendesha lori la maziwa kwenye mashamba ya huko Marshfield, katika barafu iliyokuwa ikiwatupa wenzake mitaroni. Alhamisi iliyopita alivaa kofia yake, akaingia garini, akawasha, akarudi nyuma kwa nguvu, mlango umefungwa. Akashuka, akautazama, akaingia ndani akanywa supu. Jioni alipouona tena aliuliza kwa hasira kweli kweli, "Nani kafanya upuuzi huu?"

"Mimi," Arlys akajibu. Lilimtoka tu. Renae, binti yao wa pekee, alishasema tangu Krismasi kwamba baba akikosea mara moja tu tena akiwa na gari, atakuja kuzichukua funguo yeye mwenyewe, na baada ya funguo waanze kuzungumzia ile nyumba ya wazee iliyo karibu na hospitali. Na Delmar bila gari ni nani? Ijumaa alikuwa akienda kula samaki wa kukaanga, kila asubuhi kunywa kahawa na rafiki zake akina Gordy, na Jumapili akiwapitia wajane wawili kuwapeleka kanisani. Huyo ndiye Delmar. Mwingine Arlys hakumjua, wala hakutaka kumjua.

Basi tangu siku ile mzee alikuwa na furaha mpya, maskini. Kanisani, walikopelekwa na jirani kwa kuwa gari lao lilikwama bandani, aliwasimulia wote. "Mke wangu haoni mlango wa futi kumi na sita! Ng'ombe anauona, yeye haoni!" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na Arlys akacheka pamoja nao huku akikata keki. Bima ingeweza kulipa, lakini bima inataka maelezo na sahihi chini yake, na Arlys aliyeweza kumdanganya mume, mtoto na mchungaji, kwenye karatasi yenye sahihi mkono ulikuwa mzito. Akaona alipe mwenyewe kutoka akiba yao, yaishe.

Mezani jikoni, Curt alipewa kahawa na kipande cha keki ya tufaha, akaanza kueleza bei. Mlango wa bati tupu, mwembamba, dola elfu moja na mia tatu, pamoja na kuufunga na kuondoa huu wa zamani. Mlango mnene, wa bati mbili zenye sponji katikati ya kuzuia baridi, elfu mbili na mia sita. Wa mbao halisi huanzia elfu saba, na hapo rangi bado. Mota ya kuupandisha mlango nayo ilikuwa imeungua, hiyo ni mia nne na hamsini juu yake. Springi zingejumlishwa humo humo.

"Elfu saba!" Delmar alifoka kutoka kwenye kiti chake, lakini alikuwa anatabasamu. "Kwa elfu saba huo mlango unapika na kufua?"

"Haupiki, mzee."

"Basi mwandikie wa mpira, Curt. Bibie akija kwa nyuma, unamrudisha mwenyewe ndani." Akampiga fundi begani. "Ehe, Arlys? Wa mpira!"

"Nimesikia, Delmar," alisema Arlys, akammiminia kahawa.

Walipoenda bandani kupima, mzee alibaki jikoni kwa sababu televisheni ilikuwa ikionyesha kurling, ule mchezo wa kuteleza mawe kwenye barafu. Curt alihitaji kulisogeza gari kidogo ili apandishe ngazi, akaomba ufunguo wa akiba, akaketi kwenye kiti cha dereva. Hakuwasha. Alikaa tu pale, miguu yake mirefu imenyooka vizuri, halafu akamtazama Arlys kupitia dirishani.

"Mama," alisema taratibu, "kiti kimesukumwa nyuma hivi, miguu yako haifiki huku."

Arlys alihisi uso unawaka. Aligeuka kuutazama mlango wa jikoni.

"Usimwambie," alisema. "Hajui. Anaamini ni mimi."

"Mimi nauza milango, mama, siuzi maneno." Curt alishuka, akafuta mikono kwenye suruali. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo, na alilolisema baadaye alilisema kwa kumhurumia mfuko. "Ila kama mzee ndiye bado anaendesha, usinunue ule mnene. Wateja wa namna hii huniita tena, ndivyo ilivyo. Chukua ule mwembamba. Akiugonga tena, hasara ni ndogo."

Arlys akaitikia kwa kichwa. Kwao tangu utoto hakuna aliyewahi kulipa ghali pale ambapo rahisi inatosha. Alikuwa ameshafungua mdomo kusema sawa, niandikie mwembamba, wakati basi la shule liliposimama barabarani na watoto wa mtaa wakashuka. Wakakata njia mbele ya banda, kama walivyozoea, kwa sababu ndiyo njia ya mkato ya kwenda upande wa pili. Kupitia pale palipopasuka aliona buti zao zikikanyaga maji ya theluji. Mmoja aliligonga lile tumbo la bati kwa kiganja, likatoa mlio, wakacheka wote, wakaenda zao.

Hasara ni ndogo. Akashika friza iliyokuwa pale bandani. Tangu Alhamisi alikuwa akiomba Mungu kwa ajili ya funguo, kwa ajili ya Renae asijue, kwa ajili ya ile nyumba karibu na hospitali wasipelekwe. Hata siku moja hakuwa amejiuliza nani angeweza kuwa amesimama nyuma ya mlango ule. Alijionea aibu.

"Niwekee ule mnene," alisema.

"Mama, labda hukunielewa. Ule ni mara mbili ya..."

"Nimekuelewa vizuri sana. Niwekee mnene. Hautagongwa tena."

Curt alimtazama, akaelewa, akaandika, kisha akauondoa ule wa zamani ili gari lipate kutoka. Ilipofika jioni, Delmar aliposikia ni upi umechaguliwa, alimsifu mkewe mpaka Arlys akatoka nje kujifanya anatupa takataka. Ufunguo wa akiba ulikuwa mfukoni mwake, lakini ule mwingine, ule wa Delmar, alishindwa kuuomba. Siku zote hizo za kungoja mlango alipanda garini kabla yake, akaendesha yeye, akidai mgongo wake unataka mazoezi. Jamani, woga wa kumwambia ukweli mtu unayempenda!

Mlango mpya ulipachikwa wiki iliyofuata, na kwa kweli ulikuwa mlango. Ulipanda na kushuka bila kelele. Delmar alisimama bandani na rimoti mpya, akaupandisha, akaushusha, akaupandisha tena, huku akimwita mkewe aje asikie jinsi usivyosikika.

"Huu utatuzika sote, Arlys! Haya, sogea pembeni nitoe gari, tuone tunavyopita kama mawaziri."

Arlys hakusogea. Alisimama kati yake na mlango wa gari.

"Hapana, Delmar."

"Hapana nini?"

"Mlango wa zamani uliuvunja wewe."

Delmar akacheka. "Wacha wewe! Dereva mbovu huyo anataka kunisingizia." Halafu akautazama uso wa mkewe, uso alioujua kuliko wake, na kicheko kikamfia mdomoni. Arlys alimwambia yote, Alhamisi, kofia, rivasi, supu. Hakupunguza neno.

Mzee aliketi kwenye ngazi ya kuingilia jikoni.

"Kulikuwa na mtu nyuma?" aliuliza, sauti ikitetemeka.

"Hapana. Theluji tu."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Na umeniacha nikucheke mbele ya kanisa zima."

"Ulikuwa unafurahi," alisema Arlys, akaanza kulia.

Delmar alitoa funguo mfukoni. Ule wa gari ulikataa kutoka kwenye pete, kucha zake zikateleza, na Arlys aliponyoosha mkono kumsaidia alimzuia. Akahangaika nao mwenyewe mpaka ukatoka. Akauweka kiganjani mwa mkewe.

"Mwambie Renae nimeutoa mwenyewe," alisema. "Sikunyang'anywa."

Usiku ule Arlys alimpigia binti yake simu, akamweleza kuanzia mwanzo, nao walilia wote wawili. Alilala akiwa na maumivu, lakini alilala. Aliona jambo gumu kuliko yote limeshafanyika.

Asubuhi alikuwa anageuza mayai Delmar alipoingia jikoni, amenyoa ndevu, kofia kichwani, akijipapasa mifuko.

"Arlys, umeuona ufunguo wangu wa gari? Akina Gordy wananingoja na kahawa."

Arlys alimkazia macho akidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Alizima jiko. Angeweza kusema ufunguo umepotea. Angeweza kusema gari bovu. Uongo mpya ulikuwa tayari ulimini, mwepisi kama ule wa kwanza, na mzee angeuamini, angekwenda kuketi mbele ya televisheni kwa amani. Lakini angekuwa amenyang'anywa, na yeye alikuwa amesema hakunyang'anywa.

Akamvutia kiti.

"Kaa kwanza, Delmar. Mlango ule wa zamani uliuvunja wewe."

Delmar akacheka, akamwita dereva mbovu. Halafu akautazama uso wake. Arlys akamsimulia tena yote, hakupunguza neno, na mayai yakapoa kwenye kikaango.

"Kulikuwa na mtu nyuma?" aliuliza Delmar, sauti ikianza kutetemeka.

"Hapana," alisema Arlys, akamshika mkono. "Theluji tu."