Mchuzi Unaoshika

Idi wa bodaboda aliuonja mchuzi wa maharage, kisha akammwagia mama ntilie Swabaha usoni, stendi nzima ya Ngara ikitazama. "Maji haya kanawie," alisema, akaketi kungoja sahani nyingine.

Swabaha alijifuta kwa kanga. Mchuzi ulikuwa mwepesi, uliteleza wote. Uso uliwasha tu. Akarudi jikoni. Akaponda maharage kwa mwiko ubavuni mwa sufuria, akakoroga unga wa muhogo kwa maji baridi usifanye mabonge, akaumimina, akachochea kuni. Hakuwa na haraka. Alipouinua mwiko, mchuzi uling'ang'ania.

Akajaza bakuli, akamfuata Idi mezani.

"Huu je, baba?" aliuliza, akammwagia usoni.

Idi alijifuta kwa mikono miwili, akilia. Mchuzi haukutoka.