Mstari wa Mtumishi wa Ndani

Fomu niliyopewa ya madai ya uhamisho ilikuwa na nafasi ya mke, nafasi ya watoto wanne, na mstari mmoja wa mtumishi wa ndani. Nafasi ya mama mzazi haikuwepo.

Mimi ni Januarius Kija, bwana shamba wa pamba. Nilipohamishwa kutoka Mwanhuzi kuja Bariadi niliambiwa nijigharamie kwanza, fedha zikija nitarudishiwa. Mama yangu, Milembe Masele, akauza mitamba yake miwili tukakodi Fuso. Naye akahama nasi, maana baba alishafariki na kule kijijini Lingeka hakubaki na mtu.

Basi, kwa ujanja wangu wa kijinga, nikamwandika mama kwenye ule mstari wa mtumishi. Nilitaka nauli yake nayo irudi, ng'ombe wake nimnunulie wengine upesi. Yeye anatumia jina la baba yake, mimi la baba yangu, nani angejua? Hata yeye sikumwambia.

Mwaka wa pili ukaja uhakiki wa madai. Wote walioandikwa walitakiwa kufika wenyewe. Nilimwambia mama kwamba serikali inataka kumwona, basi. Akavaa kitenge kipya, akapita dukani kwa Anifa kumtangazia kwamba anaitwa ofisini kwa mwanawe.

Mhakiki alikuwa binti mmoja aitwaye Philomena. Kabla ya kuanza alituonya: fomu yenye uongo inatupwa yote, na aliyeijaza anashitakiwa kinidhamu. Akamwita mke wangu, akawaita watoto. Kisha akasoma kwa sauti, "Mtumishi wa ndani, Milembe Masele."

Kiswahili cha mama ni cha mnadani, lakini hilo alilielewa. Akanitazama. Mimi nikatazama meza.

"Shikamoo, mama," Philomena alisema. "Ndiye wewe?"

"Marahaba. Ni mimi."

"Mbona umri umekwenda? Kweli unamfanyia kazi huyu bwana?"

Hapo ndipo ningesema. Ni mama yangu, futa: maneno manne tu. Nina miaka arobaini na mbili, na nikafa na tai shingoni. Gloria wetu wa miaka sita akafungua mdomo, mama yake akamvuta na kumficha uso kifuani.

"Ninafanya," mama alijibu. "Ninapika, ninafua, ninalea hawa watoto."

"Na mshahara anakupa?"

"Nduhu tabu, hakuna shida. Ananilipa vizuri."

Philomena aliinua kalamu lakini hakuandika. Alikuwa akituangalia, mara mama, mara mimi. Mama akaona. Akainuka kwenye benchi, akaja mbele yangu, akapiga magoti sakafuni na kitenge chake kipya.

"Bosi," aliniambia, "naomba ruhusa nikawapikie watoto."

Kwetu mwanamke humpigia goti anayemheshimu. Mama hampigii goti mwanawe. Nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

"Nenda," nikasema.

Muhuri ukagongwa.

Nilimkuta nje, amesimama juani peke yake, akijikung'uta vumbi magotini. "Mayu," nikaanza, nikimwita mama kwa kilugha chetu, "nisamehe."

Alitupa jicho dirishani kwa Philomena, kisha akanisogelea.

"Usiniite hivyo hapa," alisema kwa sauti ya chini. "Watakusikia."