Mpaka Oili Ipoe

Evodia alikuwa ameshafunga mkanda, mkoba uko mapajani, na gari haliendi. Injini inaunguruma, majirani wote pale Mandewa, mjini Singida, wameshajua kwamba Baba Lea anasafiri, lakini gari haliendi. Mumewe, Mathayo, ameinamia dashibodi anatazama geji.

"Baba Lea, twende."

"Oili bado baridi."

"Mshale wa joto si huo umeshapanda?"

"Huo wa maji. Maji yanawahi, oili inachelewa." Alisema kwa ule upole wake wa kila siku, ule unaomfanya Evodia atamani kumfinya.

Gari lenyewe lilikuwa la michezo, la milango miwili, lenye turbo ya kuiongezea injini nguvu, limeinama chini kama linatafuta kitu lilichodondosha, na lingekuwa mtu lingekuwa na wajukuu. Mathayo alilinunua likiwa bovu, akalifufua kwa mikono yake, kisha akalifungia geji ya ziada ya kupima joto la oili, kiduara kidogo kama kifuniko cha chupa ya asali. Tangu siku hiyo Evodia alijiona ameletewa mke mwenza. Geji ikiwa chini ya nyuzi themanini, bwana hakanyagi mafuta. Ikipita mia na ishirini, anaguna. Na baada ya safari ngumu hazimi gari ng'o mpaka mshale ushuke, kwa sababu turbo ikiwa ya moto ukizima ghafla, oili inasimama humo ndani na kuungua. Evodia aliyajua haya yote kwa kichwa, na hakuwahi kuomba kuyajua.

Tatizo halikuwa turbo. Tatizo lilikuwa baba yake, mzee Alphonce wa kijijini Kinyangiri.

Kwa mzee Alphonce, mgeni akifika huzima gari, hushuka, hutoa shikamoo. Hapo ndipo amefika. Gari likibaki linaunguruma uani, maana yake hukuja, umepita tu, una safari yenye maana kuliko wenye nyumba. Na tangu mtoto wa jicho amfunike macho yote mawili, mzee alikuwa akiwapima watu kwa masikio. Mara mbili Mathayo alikwenda ukweni, na mara zote mbili mzee alisimama mlangoni na fimbo yake akiisikiliza injini, mkwe hashuki. Evodia kwa aibu akasema mumewe yuko kwenye simu, anaongea na bosi wake. Hapo ndipo alipoharibu kabisa.

"Kuna bosi kunizidi mimi, hapa kwangu?" mzee aliuliza, akaingia ndani kabla mkwe hajashuka.

Sasa madaktari bingwa wa macho walikuwa wamekuja mjini Singida, na leo ndiyo siku yao ya mwisho. Kupanda basi mzee hataki. Hawezi kushikwa mkono stendi mbele za watu. Gari la mkwe nalo hataki. Hapandi gari la mtu asiyemsalimia. Evodia alibembeleza kwenye simu mpaka sauti ikamkauka. Mwisho mzee alikubali nusu nusu.

"Aje. Nitasikia mwenyewe."

Basi safari ilipoanza, wakiwa wameshachelewa, Evodia hakumung'unya maneno. "Tukifika unazima, unashuka. Sitaki habari za oili. Baba asipopanda leo anabaki gizani, wewe ubaki na geji yako."

"Nimekuelewa, Mama Lea."

Mpaka Iguguno ilikuwa lami, mambo yakawa shwari. Walipoiacha lami, vumbi na mchanga vikaanza, gia ndogo, jua kali, upepo unatoka nyuma, na Evodia anahimiza kaza mwendo, kaza mwendo. Mathayo alikaza. Walipoingia uani kwa mzee, geji ilikuwa imepita mia na ishirini na tano.

Mzee Alphonce alikuwa amesimama mlangoni, kanzu safi, kichwa kimeinama upande mmoja. Anasikiliza.

Mathayo aliitazama geji. Akamtazama mzee. Akauma midomo, akageuza ufunguo. Uani pakawa kimya, wakabaki kuku tu. Akashuka mbio, akainama mbele ya mzee.

"Shikamoo, baba."

Mzee alikuwa bado anausikiliza ule ukimya. "Marahaba," alisema hatimaye. "Leo umefika."

Walikunywa uji wakiwa wima, mzee akapandishwa kiti cha mbele, Evodia akajikunja nyuma. Mathayo alipowasha, moshi wa bluu ukatoka kwa nyuma na harufu ya oili iliyoungua ikajaa mle ndani. Aliendesha pole pole, uso wake kama wa mtu aliyepigiwa simu ya msiba. Evodia roho ilimuuma, kisha akachukia kwamba imemuuma. Chuma hiki!

"Mkwe," mzee alisema, "unaendesha au unasali?"

"Naangalia joto la oili, baba."

"La nini?"

Mathayo akamweleza. Alieleza habari za turbo, za oili kuungua, za kusubiri mshale ushuke, akaeleza kwa raha kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza mtu kumuuliza. Mzee alisikiliza mpaka wakafika lami.

"Kwa hiyo siku zile ulikuwa unasubiri ipoe?"

"Ndiyo, baba."

"Na leo umezima ikiwa ya moto."

"Ndiyo, baba."

Mzee aligeuza kichwa nyuma. "Mama, na yule bosi wa kwenye simu?"

Evodia alitazama nje, mashamba ya alizeti yakipita. Aliona aibu mpaka masikio yakapata moto, na hakuna aliyemsaidia.

Walipofika hospitali Mathayo alimkunjia Evodia kiti, Evodia akaruka nje, akakimbilia dirisha la mapokezi. Nesi akamwambia mgonjwa wake aingie sasa hivi, daktari anamalizia. Alirudi mbio. Injini inaunguruma, wanaume wawili wametulia ndani.

"Baba, wanakuita!"

"Asubiri. Oili haijapoa. Sitaki kumharibia mkwe wangu gari mara ya pili."

Evodia alitaka kupiga kelele pale pale. Miezi yote amehangaika kumshusha mmoja kwenye hili gari, leo wamekuwa wawili! Akafungua mlango wa dereva ili auchomoe ufunguo mwenyewe, na liwalo na liwe.

"Eti mkwe," mzee alikuwa anauliza kwa sauti ndogo, "jicho wanalipasua mtu akiwa macho?"

"Wanalitia ganzi kwanza, baba. Husikii kitu."

"Aa." Fimbo ilikuwa inagonga gonga sakafu ya gari, na haikuwa injini iliyokuwa ikiitikisa. "Imefika ngapi sasa?"

Evodia aliitazama geji. Mshale ulikuwa umeshashuka kwenye tisini, umetulia pale. Mathayo yule anayemjua angekuwa ameshazima zamani. Lakini Mathayo hakuwa anaitazama geji. Alikuwa anaitazama mikono ya mzee.

"Mia na kumi," alisema. "Bado kidogo, baba."

Evodia aliurudisha mlango taratibu. Akarudi dirishani, ambako nesi alikuwa ameshika kiuno.

"Mgonjwa wako yuko wapi, dada?"

"Yupo," Evodia alisema. "Anaongea na mkwe wake. Anakuja."