Njia ya Zizini

Katika miaka minne ya ndoa, Ikupa alikuwa ameufahamu mgongo wa baba mkwe wake kuliko uso wake. Aliujua kwa koti la kaki lililopauka, kwa bega la kushoto lililoshuka kidogo, na kwa namna ulivyogeuka taratibu kila miguu yao ilipokaribia kukutana. Ndivyo walivyolelewa Wanyakyusa wa zamani: mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani, hawasemeshani, wala hawapishani njiani. Wengi wa rika la Ikupa walikwisha kuuweka mwiko huo kando kama kanga iliyochujuka, lakini nyumbani kwa mzee Asukile, pale Iyunga, rangi yake ilikuwa bado inang'aa.

Jumatano hiyo, mgongo ule ulikuwa umesimama ndani ya michongoma.

Ikupa alikuwa amekuja kukitazama chuo, bila kumwambia mtu nyumbani. Mzee Asukile alikuwa mtunza bustani wa hapo kwa miaka ishirini na sita, na kutoka langoni hadi madarasani kulikuwa na njia moja tu, nyembamba, iliyopita katikati ya mawaridi yake. Alipomwona mkwewe anakuja, mzee hakuwa na pa kwenda. Akajichomeka kwenye ua wa michongoma, akampa kisogo, mkono wa koti ukanaswa na miiba. Ikupa akainamisha kichwa, akapita mbiombio. Hakuyaona mawaridi. Hata hayo madarasa aliyoyafuata hakuyaona.

Barua za kukubaliwa zilikuwa mbili: moja ya chuo hiki cha Mbeya, nyingine ya chuo cha Iringa. Vyote viwili vidogo, vyote vya kanisa, vyote vikifundisha historia, fasihi na falsafa kwa wanafunzi wachache wanaojuana kwa majina. Hata vipeperushi vyao vilifanana kama mapacha. Katika kila kimoja wasichana watatu walikuwa wakicheka chini ya mti, kana kwamba walipanda basi wakaenda kupigwa picha ya pili. Mwisho wa kuthibitisha ulikuwa Jumamosi saa kumi na mbili jioni, kwa namba aliyotumiwa kwenye simu. Ikupa, aliyesoma kidato cha tano na cha sita kwa masomo ya jioni kule mtaa wa Soweto, mtoto akilala juu ya kanga chini ya dawati, hakutaka kukipoteza kiti hicho kwa kusitasita.

Usiku ulipoingia, mumewe Saulo alimpigia simu kutoka Ruaha Mbuyuni, alikokuwa akinunua vitunguu.

"Mama Lusajo, umeshachagua?"

"Vinafanana mno, baba. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Mimi? Vitunguu viwili vikifanana, nabonyeza shingo. Kikibonyea, hicho kitaoza njiani."

"Chuo nacho kina shingo?"

"Msomi ni wewe, bwana! Unaniuliza mimi?"

Alicheka, lakini simu ilipokatika neno lile lilibaki. Shingo ya chuo cha Mbeya alikwisha kuiona: ile njia nyembamba. Wiki moja kabla alikuwa Iringa, na mlinzi wa getini alimpokea kwa "kamwene" ya Kihehe, akamwonyesha njia tano za kufika maktaba. Huko hakuna mgongo ambao ungegeuka kwa ajili yake.

Jumamosi saa kumi jioni alimkuta mama mkwe wake, bibi Atuganile, jikoni, akimenya ndizi. Lusajo, mwenye miaka mitatu, alikuwa akichezea maganda.

"Mama, nimeamua. Nakwenda Iringa."

Kisu hakikusimama. "Na huyu?"

"Nitakuachia. Likizo nitakuja."

"Miaka mitatu. Atakuwa anakuita shangazi."

"Mama, pale chuoni njia ni moja. Jumatano baba aliingia miibani ili mimi nipite. Nimtie miibani kila siku, mtu mzima yule?"

Sasa kisu kikasimama. "Jumatano? Alikuwa anafanya nini mawaridini? Yuko zizini tangu Juni."

"Zizini?"

"Kwa ng'ombe wa chuo, kule kwenye geti la nyuma. Aliomba mwenyewe. Siku uliyojaza fomu zako alikwenda kwa bosi wake akasema, mkwe wangu atakuja kusoma hapa, nataka njia iwe wazi. Bosi akacheka: mzee, hata matokeo hayajatoka! Akamjibu, ninyi subirini matokeo, mimi nahama." Bibi akaokota ndizi nyingine. "Mkasi wake wa maua ameufunga gunia, ameuweka darini. Jumatano atakuwa alikwenda kuyaaga tena. Huyaaga kila wiki, kama msafiri asiyeondoka. Alinikataza nisikwambie. Haya, nimekwambia, nishtaki."

Ikupa alikaa juu ya kigoda. Alijaribu kukumbuka ni mara ngapi, katika miaka minne, alitoka alfajiri akakuta uchochoro umefagiliwa na maji yapo mlangoni, asijiulize ni nani aliyetangulia kuamka.

Ng'ambo ya ukuta wa mianzi mzee alikuwa amekaa, kama alivyokaa kila Jumamosi. Ikupa akamvuta mtoto karibu, lakini akapaza sauti.

"Lusajo, nenda kwa babu. Mwambie, mama anasema mawaridi hayajazoea mkono wa mgeni."

Nyayo ndogo zikakimbia. "Babu! Mama anasema mawaridi hataki mgeni!"

Lusajo akarudi mbio.

"Mwambie, zizini kuna geti la nyuma. Mama atapita huko kila siku. Babu arudi kwenye maua yake."

"Babu, mama atapita kwa ng'ombe!"

Mtu alikohoa. Kisha ikaja sauti ambayo Ikupa alikuwa ameisikia ikisema na watu wote wa nyumba hiyo isipokuwa yeye.

"Mwambie mama, njia ya zizini inazunguka mno, na mvua zikianza ni tope tupu. Avae mabuti." Halafu ikaongeza: "Na atoke mapema. Mwanafunzi hachelewi."

Bibi Atuganile alijiziba mdomo kwa ncha ya kanga, mabega yakimtikisika.

"Ndaga," Ikupa aliuambia ukuta, asante ya kwao, na safari hii hakumtuma mtoto.

Akatoa simu, akaanza kuandika namba ya kuthibitisha, tarakimu moja baada ya nyingine. Ng'ambo ya mianzi mbao za dari zililia, gunia likakung'utwa; kisha likasikika jiwe likipita juu ya chuma, taratibu, likienda na kurudi.