Aliyefunga Ndiye Afungue

Kwanza ulisikika mlio, kama mtu anayekwangua sufuria tupu kwa mwiko: krrr, krrr. Kikafuata kimya kifupi, kisha kishindo, na nyuma ya kishindo filimbi, mipulizo mitatu ya haraka.

Fundi, mmoja wa walezi wa kikosi cha skauti, alikuwa nyuma ya darasa la mwisho, anajifanya anakagua madumu ya maji. Hakuona kitu, lakini mikono yake ilijua kabla ya macho. Ule ulikuwa mlio wa kamba inayoteleza juu ya mti. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amekula kwa kamba na miti, akifunga majukwaa wanayosimama juu yake waashi na wapaka rangi, na mlio ule alikuwa ameusikia mara mbili tu. Zote mbili alikosa usingizi wiki nzima.

Alipofika mbio, daraja la fito ambalo vijana wa skauti walilijenga juu ya mtaro wa shule lilikuwa limelala ubavu kama ng'ombe mgonjwa. Chini mtaroni aliketi Kijiti, mvulana wa miaka kumi na mitatu, mwembamba kama jina lake la utani, amekumbatia mkono wa kushoto na anacheka kile kicheko cha mtu anayekataa kulia. Pilipili alikuwa ameshashuka. Msichana huyo wa miaka kumi na sita ndiye aliyekuwa kiongozi wa doria nyekundu, na siku hiyo filimbi ilikuwa shingoni mwake.

"Asimwinue mtu," alisema, bila kupandisha sauti. "Wewe, fito fupi mbili. Wewe, kamwite Bibi Posta. Wengine mrudi nyuma hatua kumi, hapa si sokoni."

Fundi naye akarudi nyuma hatua kumi. Ndiyo ilikuwa kanuni ya kikosi: filimbi ikiwa shingoni mwa kijana, watu wazima wote wako chini ya kijana huyo. Mikono nyuma, mdomo ufunguke ukiulizwa. Ila kwa damu, moto na maji. Hayo matatu ndiyo pekee yaliyomruhusu mlezi kuingilia. Hapa damu haikuwapo. Mfupa tu, na mfupa ulikuwa tayari unafungwa kwa skafu mbili na mkono usiotetemeka.

Basi akatazama daraja. Kona tatu zilikuwa imara. Ya nne, ile ya upande wa mwembe mchanga, kamba yake ilikuwa imelegea kama mkanda wa mlevi. Na juu ya fundo, palepale ulipowekwa, uzi mwekundu ulikuwa mzima.



Uzi ule ulikuwa na kazi yake. Katika kikosi kile kila doria ilikuwa na rangi, na mtu akimaliza kufunga, hufunga juu ya fundo uzi wa rangi ya doria yake. Uzi ukiwa mzima, maana yake hakuna mkono mwingine uliogusa. Ukikatika, fundo hukaguliwa upya kabla mtu hajakanyaga. Mlangoni pa stoo ya vifaa walikuwa wameandika kwa rangi nyeupe, herufi kubwa zilizopinda: ALIYEFUNGA NDIYE AFUNGUE.

Na aliyeligusa fundo lile alfajiri alikuwa yeye.

Aliamka mapema kuliko vijana, kama kawaida yake kambini. Usiku mvua ilikuwa imenyunyiza, nyasi zilikuwa zimelowa, naye alizunguka daraja mara moja, mara mbili, mara tatu. Kona ya nne ilimkera. Haikuwa imelegea, tuseme kweli. Ilikuwa imekaa kwa namna ambayo yeye asingeifunga. Vidole vikamwasha. Akaufungua ule uzi taratibu kwa ncha ya ukucha, akaifungua kamba, akaifunga upya kwa mtindo wa kazini kwake, akaivuta hadi ikalia. Kisha akaurudisha uzi mahali pake, kwa uangalifu wa mtu anayefunika chungu alichokidokoa.

Kamba ile ilikuwa ya katani, na ilikuwa imelowa. Kazini kwake walitumia nailoni na waya. Mvua kwao haikuwa habari. Lakini katani ikilowa hukaza, ikikauka hulegea. Zile kona tatu zilifungwa kamba ikiwa kavu, zikakazwa na mvua, zikarudi zilivyokuwa. Yake ilifungwa ikiwa mbichi, na jua la saa sita likayanywa maji yake yote. Pilipili alikuwa amelisema hilo siku ya kwanza mbele ya wote, na akaamuru kamba zianikwe chini ya paa. Fundi alimsikia. Alikuwa anakoroga sukari kwenye chai na kuwaza, katoto haka katanifundisha mimi kamba?

Jioni ile kijana mmoja, mtoto wa mwashi, mwenyekiti wa baraza la viongozi wa doria, alitangaza kwamba baraza litakaa Jumamosi inayofuata. Kila mtu alijua litasema nini. Fundo likianguka na mtu, mwenye uzi hurudisha filimbi hadi mwaka uishe. Na baada ya mwezi mmoja kulikuwa na kambi kuu ya vikosi vyote, ambako Pilipili alichaguliwa na wenzake kuwaongoza. Alikuwa ameingoja nafasi ile miaka mitatu, akijifunzia mafundo kwenye mguu wa kitanda cha mama yake mpaka kitanda kikaanza kuyumba.

Fundi alingoja mtu amuulize. Hakuulizwa. Pilipili alipopita mbele yake kwenda kurudisha kamba stoo, alimsalimu kwa heshima kama siku zote, akamtazama mikono, akapita.

Wiki ile haikupita, ilitambaa. Jumatatu kazini alifunga jukwaa, akalifungua, akalifunga tena, hadi mpaka-rangi mmoja akamuuliza kama analipwa kwa fundo. Jumanne alikula nusu sahani. Jumatano mkewe, ambaye alikuwa amelala naye kitanda kimoja miaka kumi na minane na kujua kila namna anavyogeuka, alimwambia kwamba ama aseme kinachomsumbua ama akalale kwenye benchi la nje, maana kulala na mtu anayefunga mafundo kwenye shuka si kulala. Akamsimulia. Alidhani atamwonea huruma.

"Kwa hiyo mtoto wa watu anabeba mzigo wako," mkewe alisema, "na wewe umekuja kunionyesha jasho lako."

Alijaribu kueleza. Kwamba alikuwa na nia njema. Kwamba akisema, kikosi kitamtoa, na wazazi wataanza kunong'ona, na kazini nani atapanda jukwaa la mtu aliyeangusha daraja la watoto? Jina la fundi wa jukwaa ndilo mkate wake. Mkewe hakubisha hata moja. Alivuta shuka upande wake, akalala.

Alhamisi alikwenda kumwona Kijiti. Mvulana alikuwa kama mfalme, mkono ndani ya plasta iliyojaa majina ya marafiki, na alitaka Fundi naye aandike lake. Fundi alishika kalamu muda mrefu. Mama yake Kijiti alimletea soda na kiti kizuri, akamshukuru kwa kuwajali watoto wasio wake, kisha akateremsha sauti.

"Ila mimi nilisema toka mwanzo. Msichana na kamba wapi na wapi? Mngempa mvulana ile filimbi."

Soda ilikuwa baridi. Fundi aliinywa yote, akasema ahsante, akaondoka. Njiani alitembea kasi kama anafukuzwa, akapita kwake, akazunguka mtaa mzima, akapita kwake tena. Sikuzote alijihesabu mtu mkweli. Leo alikuwa amekaa kwenye kiti kizuri akasikiliza uongo wake ukisemwa na mdomo wa mwingine, na akausaidia kwa kunyamaza.

Ijumaa jioni miguu ilimfikisha kwa Bibi Posta, mlezi mkuu, ambaye alikaa dirishani posta miaka thelathini na bado alipiga kila karatasi konde kama anaigonga muhuri. Alimkuta anachambua mchele. Fundi alianza kwa mbali: kwamba kanuni nyingine ni kali mno, kwamba watoto ni watoto, kwamba mtu mzima akiona hatari hawezi kukaa kama gogo.

"Uliona hatari gani, mwanangu?"

Fundi akatazama mchele.

"Pilipili usiyoila yakuwashia nini?" Bibi alisema, na hakucheka, ingawa mzaha ulikuwa wazi. Akapepeta. "Sikuulizi zaidi. Baraza ni la vijana, si langu. Nikikusikiliza hapa leo, kesho utakwenda kule mwepesi, na mimi ndiye nitakayelala na uzito. Hapana. Nenda nao."

Jumamosi baraza lilikaa katika darasa la tatu, kwenye madawati madogo yaliyowafanya wote waonekane majitu. Viongozi wanne wa doria mbele, kijana wa mwashi katikati, Bibi Posta na Fundi nyuma kabisa karibu na mlango, mahali pa walezi. Mezani kulikuwa na kipande cha kamba, na juu yake uzi mwekundu.

Kijana wa mwashi alisoma kanuni. Alisoma vibaya, kwa kuharakisha, maana hakupenda alichokuwa anakisoma. Kisha akamuuliza Pilipili kama uzi ule ni wa doria yake.

"Ni wetu."

Aliulizwa kona ile aliifunga nani. Alisema aliifunga mwenyewe. Aliulizwa kama aliikagua kabla Kijiti hajapanda. Alisema aliukagua uzi. Kiongozi wa doria ya bluu, ambaye hawakupatana naye tangu zamani, aligeukia dirishani ili asimwone. Pilipili akainua mikono nyuma ya shingo, akaanza kuifungua kamba ya filimbi.

Fundi alisimama. Dawati dogo lilisimama naye, limenasa kwenye magoti, likaanguka kwa kelele.

"Naomba ruhusa ya kusema," alisema.

Kijana wa mwashi alimtazama Bibi Posta. Bibi alikuwa anatazama dari. "Walezi husema wakiulizwa, Fundi," kijana alisema kwa woga.

"Basi niulize."



Pilipili ndiye aliyeuliza. Aligeuka, filimbi mkononi. "Fundo lile alilifunga nani?"

"Mimi," Fundi alisema. Na baada ya neno lile mengine yalitoka yenyewe: alfajiri, ukucha, uzi, kamba mbichi. Alieleza kama anavyoeleza kazi kwa mwashi, hatua kwa hatua, bila kujipamba, hata ile chai na yale aliyoyawaza akikoroga sukari. Alipomaliza alitaka kuongeza kuhusu nia njema, akaona neno lenyewe halina miguu, akaliacha.

"Kulikuwa na damu?" aliuliza kijana wa mwashi, polepole, kanuni ikimrudia. "Moto? Maji?"

"Maji yalikuwa kwenye kamba tu."

Mtu mmoja alicheka, akajiziba mdomo.

"Nilijua," Pilipili alisema. "Wewe ncha ya kamba huichomeka kulia. Sisi tunachomeka kushoto, ulitufundisha hivyo hivyo mwenyewe, ukasema kulia ni kwa kazini. Nililiona nikiwa mtaroni."

"Mbona hukusema?"

Alionyesha kwa kidevu upande wa stoo, ambako maneno meupe yalikuwa mlangoni. "Aliyefunga ndiye afungue. Nilikungoja. Wiki nzima, Fundi." Sauti yake ilikatika hapo, kwa mara ya kwanza, naye akaikasirikia na kuinyoosha. "Kesho ningeacha skauti."

Baraza lilikuwa halijawahi kumhukumu mtu mzima, likaduwaa. Kijana wa mwashi alifungua daftari la kanuni mbele na nyuma. Kiongozi wa bluu akauliza kama inawezekana hata. Bibi Posta, kwa kuwa aliulizwa, alijibu kwamba kanuni haikuandika umri. Imeandika "kila mwenye skafu".

Waliamua kwa kunyoosha mikono. Fundi avue skafu miezi mitatu, na aende yeye mwenyewe kwa mama yake Kijiti akaseme ukweli. Filimbi ibaki ilipo. Lakini Pilipili alikataa kuirudisha shingoni kabla hawajaandika na kosa lake: kwamba alikagua kwa macho badala ya mkono, akauamini uzi kuliko kamba, na Kijiti akaanguka. Akajipangia kuosha masufuria ya kambi kuu, yote, siku zote tatu. Wa bluu akasema hilo yeye analikubali haraka sana. Hapo wakacheka kweli.

Fundi alivua skafu. Aliikunja mara nne, akaiweka mezani kando ya kamba. Shingo ikawa baridi. Walipotoka uani, mikono yake haikujua pa kukaa. Ilikwenda nyuma, ikaja mbele, ikashika mlango ambao haukuhitaji kushikwa. Pilipili alikuwa amesimama mbele ya stoo, na kwenye kona ya mlango, kamba iliyoshikilia kufuli ya zamani ilikuwa imefungwa vibaya, vibaya kabisa, na mtoto fulani wa mwaka wa kwanza. Wote wawili waliiona. Vidole vya Fundi vilicheza.

Akaviingiza mfukoni.

"Mwanangu," alisema, "leo natoka hapa moja kwa moja kwa mama yake Kijiti, na nitamwambia ni nani aliyefunga, kabla sijakaa kwenye kiti chake. Na siku nikirudishiwa ile skafu, fundo lako likinikera nitakuita, nitakuambia mbele yako, na mikono yangu itakuwa hapa, mfukoni. Nakuahidi."