Taa ya Kando ya Kijito

Chubwi! Halafu kimya. Halafu mtu akasonya gizani, na msonyo ukageuka kicheko.

"Mume wangu, nipe mkono. Umeoa chura."

Fundi umeme alipapasa majani mpaka akaupata mkono wa mkewe, akamvuta, tope limemfika magotini. Mke anacheka; mume roho mkononi. Chura hasa asingeanguka pale. Chura anaona.

Macho ya yule mwanamke yalikuwa yanajifunga kutoka pembeni, pole pole, kama pazia. Daktari hakuzunguka: dawa zimefika mwisho, kama kuna kitu unatamani kukiona, kione sasa. Mwanamke hakuomba safari wala bahari. Aliomba vimulimuli, katika bonde la majimaji nyuma ya nyumba, mvua zikianza. Ndipo walipochumbiana. Kijana wa ufundi alisimama ng'ambo ya kijito akiwasha na kuzima tochi. Msichana akamjibu kwa tochi yake. Msichana ndiye aliyemfundisha kwamba dume huwaka akiruka, na jike hukaa kwenye jani akamjibu. "Asipoona jibu," alimwambia, "anakwenda zake na ubingwa wake."

Kuanguka kule, usiku wa kwanza wa kuwatafuta, kulimkata fundi maini. Nyumba za watu nawasha mimi, alijisemea, mke wangu aanguke gizani? Kesho yake alisimamisha nguzo kando ya kijito, akavuta waya kutoka nyumbani, akafunga taa moja kubwa, kama zile za maghala. Alipobonyeza swichi bonde lote likawa jeupe, kila jani na kivuli chake.

Mdogo wa mkewe alishika kiuno. "Shemeji, tunasubiri timu gani hapa?"

"Cheka tu. Dada yako haanguki tena."

Na kweli hakuanguka. Kila jioni alikaa kwenye kigoda karibu na maji, shuka mabegani, akatazama mbele. Kila jioni alirudi ndani na uso mkavu.

"Umewaona?"

"Sijaona kitu."

"Hata mimi. Mvua bado changa, watakuja."

Mvua zikakomaa. Usiku mmoja kitandani mkewe akamgeukia. "Wewe unawaona. Unanificha."

"Haki ya Mungu, hawapo."

"Afadhali," alisema, akashusha pumzi. "Nilidhani ni macho."

Mvua zilikuwa zinaelekea ukingoni umeme ulipokatika mtaa mzima. Fundi alitoka mbio na koleo mkononi, maana hakuna aibu kama taa ya fundi kuzimika. Alifika kwenye nguzo, akainua kichwa, koleo likamponyoka.

Bonde lilikuwa limejaa. Waliwaka juu ya maji, wakawaka kwenye unyasi, huku mmoja anauliza, kule mwingine anajibu, mpaka giza lenyewe likawa kama linapumua. Fundi akaitazama taa yake, imeinamisha kichwa juu ya nguzo kama mwizi aliyekamatwa. Hawakuchelewa hawa. Wiki zote hizi walikuwa hapa hapa, wakiitana ndani ya ule weupe, na hakuna aliyemwona mwenzake. Wala yeye, mwenye macho mazima.

Alirudi mbio, akamshika mkewe mkono, wakateremka bila kigoda wala shuka.

"Tazama! Mbele yako, tazama!"

Mkewe aligeuza uso kushoto, akaugeuza kulia. Kimulimuli mmoja alipita karibu na kope zake akiwaka. Hakupepesa.

"Taa yako imewaka?" aliuliza.

"Umeme umekatika."

"Aa. Basi niambie. Wapo?"

Neno "hawapo" lilikuwa tayari mdomoni, limeshaizoea njia. Angelisema, na mkewe angelala usingizi. Lakini mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa mkewe.

"Wapo. Wamejaa. Walikuwepo siku zote, taa yangu ndiyo iliyowaficha. Mimi ndiye niliyekunyima."

Mkewe aliutoa mkono.

"Ungeniuliza," alisema. "Ungeniuliza tu. Ningekwambia niache nianguke."

Akalia kimya kimya, macho wazi. Fundi hakuthubutu kumgusa. Vimulimuli waliendelea na shughuli zao, hawana habari na mtu.

"Nionyeshe mmoja," mkewe alisema. "Mmoja tu."

"Karibu na goti lako. Kwenye ncha ya jani. Jike."

"Dume je?"

"Anakuja... hapana. Amepita."

"Usinipambie."

"Sipambi. Amepita kweli."

Mkewe alipapasa hewani, akashika pindo la shati la mumewe. Si mkono, pindo tu.

"Kesho naing'oa nguzo," fundi alisema. "Na kila mvua zikianza nitakuleta hapa, nikwambie wanawaka wapi, mmoja mmoja. Wakiwapo nitasema wapo. Na usiku wasipokuwapo nitakwambia hawapo, hata ukinililia nikudanganye."