Malaria ya Wageni

Watu wa Kaole walidhani nimekuwa mchamungu. Shambani kanzu, sokoni kanzu, kwenda kuchota maji kanzu. Vijana wananipita, "Shikamoo maalim," na mimi naitikia, "Marahaba," wakati msahafu nausoma kwa kubabaisha, na shule niliishia darasa la tatu. Suruali zilikuwa hazinienei, bwana. Kiuno kilikuwa hakina neno. Ni hapo chini.

Nilikuwa na busha. Mbele za watu tunasema mshipa, kwa kustahi, lakini ni busha. Lilianza dogo kama limau wakati mama watoto yuko hai, Mungu amrehemu, likaenda likaenda mpaka likafika papai. Kukaa tabu, kutembea tabu. Kilichoniuma zaidi ni msikiti. Kusujudu siwezi, na kukaa kwenye kiti kule nyuma sitaki, maana wataniuliza una nini. Basi nikawa nasali nyumbani, hata Ijumaa. Maalim gani huyo?

Aliyejua kwa yakini ni mmoja tu, mjukuu wangu Zuwena, mtoto wa binti yangu, nimemlea mwenyewe na nguo zangu anafua yeye. Mimi namwita mke wangu, yeye ananiita mume wangu, kama ilivyo kwa babu na mjukuu, na ana ruhusa ya kunitania mpaka nikome. Mama yake hawezi. Mwanangu wa kuzaa akiniona ninavyotembea anaangalia pembeni, ndiyo adabu. Mjukuu haangalii pembeni.

Huyu Zuwena amesoma, amesoma mpaka mimi nikachoka. Mambo ya maabara. Bibi yake alikuwa na matende, mguu umevimba kama kinu, na yeye alipokuwa mdogo ndiye aliyekuwa anauosha na kuupaka mafuta. Kwa hiyo alipomaliza chuo alitaka achunguze matende na busha, anasema hayo mawili ni ndugu, wanaletwa na mbu. Akaandika maombi kwa wenye fedha za utafiti huko nje. Wakamjibu kwa heshima kabisa: si kipaumbele. Akaandika tena. Si kipaumbele.

"Kipaumbele ndiyo nini?" nikamuuliza.

"Babu, wanakaa huko kwao wanachagua mwaka huu tuumwe nini."

Mimi nikacheka. Yeye hakucheka sana. Kazi akapata kwenye mradi wa malaria, maana ndiko kazi ziliko. Hata wenzake aliosoma nao, huyu alikuwa anataka kuchunguza sumu ya nyoka, yule kichocho, wote wako kwenye malaria sasa.

Na malaria siisemei vibaya, msinielewe vingine. Imeniulia wadogo zangu wawili. Vyandarua vimekuja, dawa zimekuja, na leo watoto wa mtaani kwangu wanacheza, hawazikwi. Nashukuru. Lakini kuna shemeji yangu yuko Ulaya, anatutumia mzigo wa nguo, na kila akituma ni masweta. Masweta mazuri, ya sufu. Kaole hii, joto hili! Unasema ahsante shemeji, unaweka kabatini. Ndivyo nilivyokuwa nawaona watu wa utafiti.

Zuwena alishawauliza kazini, bila kunitaja, kama mtu mwenye mshipa anaweza kusaidiwa. Wakamwambia mradi unatibu malaria, kingine hakimo. Na mimi nikamkataza asifungue tena mdomo.

Sasa akaja mgeni mkubwa, profesa, mama wa kizungu wa makamo, ndiye anayetoka huko kwa wenye fedha. Wazee tukaitwa kwenye darasa la shule. Pembeni yake kakaa Dokta Mikdad, mkuu wa mradi huku kwetu, kijana wa Pangani, na wa kutafsiri ni Zuwena wangu. Profesa akauliza swali moja: ugonjwa gani unawasumbua zaidi hapa?

Wewe ungemjibu nini? Mgeni ametoka mbali, kaja na gari lina picha ya mbu mlangoni, soda tumepewa za baridi. Mwenyekiti wa kijiji akasimama: "Malaria." Wa pili akasimama: "Malaria." Khamis, jirani yangu, ambaye malaria ameiumwa mara ya mwisho tukicheza gololi, akasema kwa uchungu kabisa, "Malaria inatumaliza, mama." Zuwena anatafsiri, profesa anaandika. Ikanifikia mimi.

"Malaria," nikasema. "Usiku na mchana."

Zuwena hakutafsiri. Akaniangalia.

"Mume wangu," akasema, darasa zima linasikia, "muogope Mungu."

Akanigeukia vizuri.

"Mimi mkeo, nguo zako nafua mimi. Malaria hiyo umeiweka wapi? Mbona mimi naona papai?"

Darasa likapasuka. Mwenyekiti alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Mimi natamani ardhi ipasuke. Lakini utani wa mjukuu huwezi kuukasirikia mbele za watu, utaonekana huna akili. Nikajikaza.

"Mke gani wewe, unatoa siri za ndani?"

"Siri! Siri gani hiyo inaingia mlangoni kabla yako?"

Profesa akauliza tunacheka nini. Zuwena akamweleza kwa Kiingereza, taratibu. Nilimwona yule mama uso unabadilika. Hakucheka. Akauliza, "Wako wengine?"

Hapo kicheko kikakata. Kila mtu anaangalia chupa yake ya soda. Mara Khamis akasimama, machozi ya kucheka bado yako mashavuni, akainua mkono. "Nimemcheka Shuaibu," akasema, "na mimi nimekalia langu." Huyo Khamis tunakaa baraza moja tangu ujana! Nyuma yake ukainuka mkono mwingine, na mwingine. Benchi letu likawa kama darasa la watoto wanaojua jibu.

"Miaka yote hii tunakuja," profesa akasema, Zuwena anatafsiri, "kwa nini hamkutuambia?"

Khamis ndiye aliyemjibu. "Mama, mlikuja na malaria yenu mkononi. Mgeni akikuletea zawadi humwambii ulikuwa unataka nyingine."

Dokta Mikdad akainamisha kichwa. Akasema kwa Kiswahili, hakungoja mtafsiri, "Baba yangu mkubwa analo. Na mimi naandika malaria kila mwaka, kwa sababu ndiyo inayopata fedha."

Yule mama alikuwa mkweli, nampa haki yake. Alisema fedha alizonazo zimekuja zimeshapewa jina, akitibia busha ataitwa mwizi. Akauliza, je, hospitali ya mjini hawawezi? Dokta Mikdad akatoka nje kupiga simu. Aliporudi anatabasamu kwa aibu. Daktari wa upasuaji amesema ni upasuaji mdogo, anaufanya siku zote, kazi ni kuwapata wanaume, wanajificha. Waleteni. Ikabaki usafiri, na profesa akasema gari la mradi liende. Gari halina ugonjwa, anasema.

Basi tukaenda Bagamoyo mjini, wazee watupu, tumepanda gari lina mbu mlangoni. Njiani kila mtu ana hadithi ya mtu aliyepasuliwa akafa, au hakufa lakini nyumbani hakuna tena kazi.

Mimi nikawa naomba daktari awe mwanamume mzee mzee. Akatoka msichana, Dokta Adila. "Shikamoo babu." Marahaba nimeitikia chini chini. Akanipima presha, akatikisa kichwa. Iko juu. "Ikibaki hivi leo siwezi kukupasua. Kaa pale upumzike, nitapima tena."

Nikakaa. Wenzangu wanaitwa mmoja mmoja, wanaingia. Mimi nimekaa. Nikawaza, kama nikirudi nalo hili, na Kaole nzima sasa inajua? Zamani nilikuwa na busha tu. Leo nitakuwa na busha na kila mtoto anajua ninachobeba. Kanzu yenyewe haina tena faida. Moyo unakwenda mbio, na kadiri ninavyouambia utulie ndivyo unavyokimbia.

Zuwena kakaa pembeni yangu, hasemi kitu. Baadaye sana akasema, "Babu, nisamehe."

Babu! Si mume wangu. Hilo ndilo lililonitisha kuliko presha.

"Wewe, acha hayo," nikamwambia. "Nitanie bwana. Ukinyamaza ndiyo inapanda."

Akanitazama, macho yana maji. Akavuta pua. "Nikutanie nini? Wakishalitoa si utakimbilia kwa wajane wa Dunda, mimi unaniacha na masweta yako?"

"Wajane wa Dunda wanajua kupika. Wewe wali wako unatafunwa kama karanga."

"Wali wangu ndiyo umekufikisha uzee huo!"

Tukaendelea hivyo, anatoa la kwake natoa la kwangu, mpaka muuguzi akaanza kucheka naye. Dokta Adila akaja na kipimo chake, akapima, akapima tena.

"Twende babu," akasema.

Cha kupasuliwa hakina hadithi, bwana. Wamenichoma sindano ya mgongo, miguu ikawa si yangu, nikasikia vyuma vinagongana na Dokta Adila anazungumza na mwenzake habari za harusi. Kabla hawajamaliza kumsema bibi harusi, nimeambiwa tayari.

Wodini tulijazana wazee wa Kaole, kila mmoja analalamika chakula. Khamis anataka pweza. Zuwena akaja asubuhi ana habari. Profesa ameandikia wakubwa wake habari ya matende na busha, wamekataa, si mwaka huu. Lakini kwenye maswali ambayo mradi unawauliza watu vijijini wamekubali liongezwe moja, tena liwe la kwanza: mtu aulizwe anaumwa nini, kabla hajaambiwa wao wamefuata nini.

"Basi hilo tu?" nikamwambia.

"Hilo tu, mume wangu. Nitaandika tena."

Muuguzi akasema niinuke nijaribu kutembea. Nikainuka, nikataka kuanguka mbele. Miaka yote hiyo nilikuwa najiegemeza nyuma kubeba ule mzigo, sasa haupo, na mgongo haujui. Zuwena akanidaka.

"Taratibu!"

"Niache," nikasema. "Niache kwanza nizione hizi hatua."

Kidonda kinauma, sikudanganyi. Nikaenda hadi mlangoni, magoti yanagusana, kitu nilikuwa nimekisahau kabisa. Nikarudi hadi kitandani. Khamis ananiuliza nimesahau nini mlangoni. Nikageuka, nikaenda tena.